CHUMVI YA MAARIB NA KOMEO LA SIMU

Liko jambo dogo ambalo huenda umelitenda mara nyingi pasipo kulifikiri. Unaitoa simu mfukoni, na kioo chake kimefungwa ili kisiguswe kwa bahati mbaya. Unaweka kidole juu ya kioo, unakitelezesha kwenda upande mmoja, na simu inafunguka. Mtoto mdogo hulijua tendo hilo baada ya kumwona mama yake akilitenda mara moja tu. Na ukiwauliza wazee watakwambia kwamba halina ugeni wowote, kwani ndivyo linavyofunguliwa komeo la mlango: husukumwa kwa mkono kwenda kando, na mlango ukawa wazi.

Basi je, yafaa mtu mmoja aseme: "Tendo hili ni mali yangu, na asilitie mtu mwingine katika simu anazoziunda ila kwa idhini yangu"?

Swali hili si la mchezo. Mahakama za Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na Marekani zimelihukumia, na wala hazikuafikiana. Nami naona kwamba ni swali ambalo Uislamu ulilitolea mwongozo tangu zama za Mtume wetu (S.A.W.), ingawa siku hiyo jambo lenyewe halikuwa simu, bali chumvi.

HABARI ILIVYOKUWA

Mnamo Januari 2007, mjini San Francisco, kampuni ya Apple ya Marekani iliionyesha kwa mara ya kwanza simu yake iitwayo iPhone. Mkuu wa kampuni, Steve Jobs, alipokuwa jukwaani alitelezesha kidole juu ya kioo, simu ikafunguka, na ukumbi mzima ukashangilia.

Lakini tangu Desemba 2005 kampuni hiyo ilikuwa imekwisha peleka serikalini ombi la hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya ombi. Ombi lilikubaliwa, na mnamo Oktoba 2011 ikatolewa hati nyingine juu ya jambo lilo hilo, yenye nambari 8,046,721. Ukiyavua maneno yake yale mavazi ya kisheria, utakuta yanasema hivi: mtu aguse picha iliyo kwenye kioo, aisogeze bila ya kuinua kidole, picha imfuate mpaka mahali pengine, na hapo chombo kifunguke.

Sasa, msomaji, zingatia. Kabla ya Desemba 2005, kampuni ndogo ya Sweden iitwayo Neonode ilikuwa imekwisha unda simu yake, N1m, ambayo mwenye kuitumia aliambiwa katika kitabu cha maelezo kwamba apitishe kidole kwenda kulia ili aifungue. Tofauti ni kwamba katika simu ile hapakuwa na picha ya kukifuata kidole. Na kabla ya hapo, mwaka 1992, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Maryland, Catherine Plaisant na Daniel Wallace, walikuwa wameandika juu ya swichi za kuchora kwenye kioo cha kugusa, na miongoni mwake ilikuwamo swichi ya kutelezeshwa kwa kidole. Kwa hiyo kidole cha kufungulia kilikuwako Sweden, na picha ya kutelezeshwa ilikuwako Maryland. Kilichobaki ni kuviweka viwili hivyo pamoja.

Mahakama ya The Hague ndiyo iliyotangulia kulipima jambo hili, mnamo Agosti 2011, ikaona kwamba hataza ile haielekei kusimama. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya London ikahukumu kwamba ni batili, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa dhahiri kwa kila fundi aliyeiona simu ya Neonode. Mwaka 2013 Mahakama ya Hataza ya Ujerumani nayo ikaibatilisha, na mwaka 2015 mahakama ya juu ikauthibitisha ubatilifu huo.

Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Mnamo Mei 2014, mjini San Jose, jopo la raia waliokaa kusikiliza kesi, kama ilivyo desturi ya huko, lilisema kwamba kampuni ya Samsung ya Korea ya Kusini imezikiuka hataza kadhaa za Apple, na ikatakiwa ilipe dola milioni 119.6. Katika fedha hizo, fungu la komeo hili la kidole lilikuwa kama dola milioni 3. Februari 2016 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani wakasema kwamba jambo hili ni dhahiri, na hataza haifai. Oktoba 2016 mahakama hiyo hiyo, safari hii majaji 11 wakiwa wamekaa pamoja, ikaigeuza hukumu kwa sauti 8 dhidi ya 3, na hataza ikarudi kuwa hai. Novemba 2017 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikakataa kulisikiliza shauri, na mwaka 2018 kampuni mbili hizo zikapatana.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Mwezi Septemba 2016, yaani mwezi mmoja kabla ya majaji wale 11 kutoa hukumu yao, Apple yenyewe iliuacha mtindo ule wa kutelezesha kidole katika programu mpya za simu zake, na badala yake mtu akabonyeza kitufe. Ni kweli kwamba kesi ilihusu simu zilizokwisha uzwa miaka ya nyuma, na hatutaki kumdhulumu mtu kwa maneno. Lakini ua ulikuwa ungali ukigombewa hali mwenye shamba amekwisha hama.

UISLAMU HAUMNYIMI MVUMBUZI HAKI YAKE

Asije msomaji akadhani kwamba twataka kusema kuwa akili ya mtu haina thamani, na kwamba kila mtu achukue cha mwenziwe. La hasha! Mwenyezi Mungu ametukataza katika Qur'ani tusiwapunje watu vitu vyao, na jasho la akili ni jasho kama lilivyo jasho la mgongo. Mtu aliyekesha miaka akitafuta dawa, au mashine ya kuvutia maji, ana haki ya kula matunda ya kazi yake.

Na wanazuoni wa zama zetu hawakulinyamazia jambo hili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait mnamo Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi na za alama za biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika ada za watu wa leo, na haijuzu kuzivuka mipaka. Basi hukumu ya asili ni kuheshimu. Hapo hatuna mzozo.

Mzozo uko kwengine. Ni kitu gani kinachostahiki kuitwa uvumbuzi? Na je, hati ya serikali peke yake yatosha kukifanya kitu kiwe cha mtu, hata kama kitu chenyewe kimelala njiani na kila mpita njia anakiona?

CHUMVI YA MAARIB

Wamepokea wanazuoni wa Hadithi, miongoni mwao Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah, kisa cha sahaba mmoja wa Yaman aitwaye Abyad bin Hammal (R.A.). Bwana huyu alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba ampe chumvi iliyoko Maarib. Mtume akampa. Hapo palikuwa na hati, kwa maana ya ahadi ya mtawala. Na mtawala mwenyewe ni nani? Ni mbora wa viumbe.

Lakini mtu mmoja aliyekuwa amekaa pale akasema. Katika mapokezi ya Ibn Majah ametajwa kuwa ni Aqra bin Habis. Alieleza kwamba yeye aliwahi kufika mahali pale tangu zama za Jahiliya, na kwamba chumvi ile ni mfano wa maji yasiyokatika: kila afikaye huchota. Mtume (S.A.W.) alipolisikia hilo alimtaka Abyad airudishe. Abyad akakubali kuirudisha kwa sharti ihesabiwe kuwa ni sadaka yake, na Mtume akamkubalia. Kisha akampa badala yake ardhi na mitende mahali pengine.

Tazama, ndugu yangu, kisa kifupi hiki kimebeba mambo mangapi! Kwanza, kipawa kilitolewa kwa nia njema, kwa sababu hali ya kitu ilikuwa haijaelezwa. Pili, shahidi alipatikana, na ushahidi wake haukuwa hoja za werevu bali jambo alilolishuhudia kwa macho: "Nilikwisha fika pale, na watu walikuwa wakichota." Tatu, mtoaji hakuona haya kukirudisha alichokitoa. Hakusema kwamba neno limekwisha toka, wala kwamba heshima ya hati ni kubwa kuliko haki ya watu. Nne, mwombaji hakudhalilishwa. Alifidiwa, na akaondoka na thawabu ya sadaka juu yake.

Simu ya Neonode ndiyo Aqra bin Habis wa kesi hii. Ilisimama mbele ya mahakimu ikasema: nilikwisha fika pale, na kidole kilikuwa kikifungua.

KILICHO DHAHIRI NA KILICHOFICHIKANA

Kutokana na kisa hiki mafakihi walijenga kanuni. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ameyagawa madini mafungu mawili. Yako madini ya dhahiri, ambayo kito chake kiko wazi, kama chumvi, wanja, lami na mafuta yanayochuruzika yenyewe. Haya hayajuzu kupewa mtu mmoja awazuilie wenziwe. Hukumu yake ni ya maji. Na yako madini ya batini, kama dhahabu, fedha, shaba na chuma, ambayo hayapatikani ila kwa kuchimba na kusafisha. Katika haya wanazuoni wamekhitalifiana kama mtawala aweza kumpa mtu au hawezi, kwa sababu hapo iko kazi.

Ajabu ni kwamba neno ambalo sheria za leo za Ulaya na Marekani hulitumia kumnyima mtu hataza, maana yake ni lilo hilo letu: dhahiri. Sheria ya Marekani yasema kwamba uvumbuzi haupewi hataza ikiwa tofauti yake na vilivyotangulia ingekuwa dhahiri kwa fundi mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile. Na mwaka 2007, katika kesi ya KSR na Teleflex iliyohusu kikanyagio cha mafuta ya gari, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikumbusha kwamba fundi wa kawaida naye ana akili zake, si mashine isiyoweza kuunganisha viwili avionavyo. Kwa hiyo hatuwahukumu wenzetu kwa kanuni ya kigeni. Kanuni wanayo. Tunauliza tu kama wameitimiza.

Hapa msomaji mwenye insafu atauliza: "Je, si kweli kwamba kila fumbo likishafumbuliwa huonekana rahisi? Kama lilikuwa dhahiri hivyo, mbona Neonode hawakuitia picha?" Hoja hii ina uzito, na haifai kuipuuza. Mambo mengi makubwa yanapokwisha gunduliwa huonekana kama mchezo wa watoto, na mtu hupenda kusema, "Hata mimi ningeweza," hali hakuweza. Ndiyo sababu majaji wale wanane walitazama pia mambo ya nje: kwamba kampuni pinzani ilikuwa ikiutamani mtindo ule katika karatasi zake za ndani, na kwamba watu ukumbini walishangilia.

Lakini tuipime hoja hiyo kwa mizani ya chumvi. Watu hushangilia kwa sababu nyingi. Mpishi akiandaa wali mzuri watu wataramba vidole, lakini hilo halithibitishi kwamba yeye ndiye aliyeuvumbua mchele. Yule anayekiremba kitu kinachojulikana hadi kikapendeza, malipo yake yako sokoni: watu watanunua chake na kuviacha vya wengine, na Apple imeyapata malipo hayo kwa wingi. Ama kuwazuia watu wote wasipite njia ile kwa miaka 20, hayo si malipo ya urembo. Hayo ni malipo ya aliyechimba kisima mahali ambapo hapakuwa na maji.

NANI ANAYEUMIA?

Huenda ukasema: "Yanatuhusu nini? Hawa ni matajiri wawili wanaogombana." Ni kweli, na hatumtetei mmoja wao. Samsung si yatima. Katika kesi ile ile ya 2014 nayo ilidai kwamba hataza zake zimekiukwa, na ikapewa dola 158,400. Na hata hataza za Neonode, yule shahidi wetu, hatimaye ziliingia mikononi mwa kampuni nyingine, ambayo mwaka 2020 ilifungua kesi huko Texas dhidi ya Apple na Samsung pamoja, kwa ajili ya kidole kile kile. Hivyo ndivyo ua unavyozaa ua.

Anayeumia hasa ni yule asiyefika mahakamani kabisa. Tajiri akidaiwa huweka mawakili, akasimama miaka saba, akashinda au akapatana. Kijana mwenye karakana ndogo akipokea barua ya kutishiwa kwa jambo ambalo kila mtu alijua ni njia ya wote, hana miaka saba wala hana mawakili. Huacha njia, akageuka. Hakuna hukumu inayoandikwa wala gazeti linalotangaza, na hasara hiyo haihesabiwi katika daftari lolote, kwa kuwa kitu ambacho hakikuundwa hakina wa kukililia.

Wala tusidhani kwamba hayo yako ng'ambo tu. Ni kweli kwamba hataza ya Marekani haina nguvu Dar es Salaam wala Mombasa. Lakini vijana wetu waundao programu za simu hutaka kuziuza duniani kote, na huko ndiko zilikozungushwa nyua. Tena nasi tunazo ofisi za kutoa hati hizi, na Kenya, Uganda na Tanzania zimo katika Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 juu ya hataza. Karani atiaye muhuri katika ofisi hizo ameshika amana. Na yampasa, kabla hajatia muhuri, amtafute Aqra bin Habis wake na kumwuliza: je, kuna waliokwisha fika mahali hapa?

Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta Bilal bin Harith na bonde kubwa la Aqiq alilopewa na Mtume (S.A.W.), na akaona kwamba hawezi kulilima lote. Akamweleza kwamba hakupewa ili awazuilie watu, bali apate kulifanyia kazi; akamwachia kiasi anachokiweza, na kilichobaki akawagawia Waislamu. Hati ilitolewa na Mtume mwenyewe, na Umar alikuwa mtu wa kwanza kuiheshimu amri ya Mtume. Lakini alifahamu hati ile ilitolewa kwa ajili gani. Hati huheshimiwa kwa sababu iliyoizaa, na sababu ya hataza ni kuwanufaisha watu kwa uvumbuzi mpya, si kuwauzia walichokuwa nacho.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, ni rahisi kuyanyooshea kidole makampuni ya mbali. Kila mmoja wetu na ajitazame. Je, hakuna fundi kati yetu anayemficha mwanafunzi wake jambo analoweza kulijua kwa siku moja, ili amtumikishe miaka mitatu? Je, hakuna jirani aliyesogeza ua wake usiku hadi akaimeza njia ya kwendea msikitini, kisha akaonyesha karatasi yenye muhuri? Muhuri waweza kuwa wa kweli, na dhuluma nayo ikawa ya kweli.

Tena tujiulize kuhusu upande wa pili. Ikiwa umepewa kitu kwa nia njema, kisha akaja mtu akakuthibitishia kwamba kilikuwa ni cha wote, utafanya nini? Utakimbilia kwa mawakili? Au utafanya kama Abyad bin Hammal, ukakirudisha na kukifanya sadaka? Bwana yule hakupungukiwa. Alipata ardhi na mitende, na kila aliyechota chumvi ya Maarib baada ya siku ile alikuwa akichota sadaka yake.

Kesho simu zitafunguliwa kwa namna nyingine, na watu watagombana juu ya hiyo. Mizani itabaki ile ile: kilichochimbwa kwa jasho, mpe mchimbaji haki yake, na kilicho dhahiri, waachie waja wa Mwenyezi Mungu wachote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuione haki kuwa ni haki na atupe uwezo wa kuifuata, na atukinge na tamaa ya kumiliki alichowapa watu wote. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.